Siri ya mtungi, muulize kata

SWALI: Shikamoo, Ami. Mwanangu alifaulu usaili wa kazi katika afisi moja ya umma huku Lamu. Akapeleka vyeti na picha, akaambiwa asubiri barua. Miezi miwili baadaye karani akamnong'oneza: "Ripoti yako ya usalama si nzuri." Ripoti gani, imeandikwa na nani, hakuna anayejibu. Nikamwendea mheshimiwa mmoja, akanambia hayo ni mambo ya NIS, idara ya ujasusi ya taifa, hata wabunge hawaruhusiwi kuyagusa. Ni kweli? (Mvuvi, Matondoni)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mheshimiwa wako ama aliona haya kukwambia hataki kuhangaika, ama hakuisoma Katiba aliyoiapia.

Mimi nilikula mshahara kwa kuandika Hansadi, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge, kabla ya kurudi Langoni kuota jua. Kikao cha kamati kikigeuzwa kuwa cha faragha, watazamaji walitolewa nje. Mlango ulifungwa, lakini aliyeitwa alikuwa ndani, na wabunge walikuwa ndani wakimhoji. Huko si kukatazwa kugusa. Kifungu cha 125 cha Katiba kinaipa kamati ya Bunge uwezo wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi, kwa nguvu kama za Mahakama Kuu. Cha 238 kinasema usalama wa taifa uko chini ya Katiba na Bunge. NIS yenyewe imezaliwa na kifungu cha 242 na ina sheria yake ya 2012. Bunge la Taifa lina kamati ya ulinzi, ujasusi na mambo ya nje. Neno ujasusi limo kwenye jina lake, halikuingia kwa bahati.

Ujana wetu haukuwa hivi. James Kanyotu aliongoza ujasusi tangu 1965 hadi 1991, na nani barazani hapa Mkunguni angemtambua akipita? Jina lake lenyewe tulilitaja kwa sauti ya chini. Mwaka 2023 Noordin Haji alipoteuliwa Mkurugenzi Mkuu, ilibidi kwanza apigwe msasa na wabunge, kwa sababu sheria inataka idhini yao. Si haba.

Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata. Kata ni hiyo kamati. Inaingia mtungini, inajua maji yamefika wapi na kama yana viluwiluwi. Kinachonikera ni kata inayotoka humo na kuning'inia ukutani, kimya. Jina la mpasha habari lifichwe, sina neno. Lakini je, sheria ilifuatwa? Fedha zilikwenda kwenye kazi iliyoombewa? Malalamiko ya raia yalisikilizwa? Hayo yanajibika bila kumtaja mtu. Tena kifungu cha 240 kinalitaka Baraza la Usalama wa Taifa lilipelekee Bunge ripoti kila mwaka kuhusu hali ya usalama. Muulize mheshimiwa ripoti ya mwisho aliisoma lini.

Sasa mtoto. Asianzie NIS. NIS haikumnyima kazi. Aliyemnyima ni afisi iliyomsaili. Awaandikie hao, akitaja kifungu cha 47, ambacho kinampa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Katika barua hiyo hiyo ataje cha 35: habari ya uongo au ya kupotosha juu yake ana haki isahihishwe au ifutwe. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Wakisema ni siri ya usalama, nao waandike hivyo, kisha karatasi hiyo aipeleke kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko ya raia dhidi ya afisi za umma. Sheria ya NIS nayo imeweka bodi ya malalamiko. Na kifungu cha 119 kinampa kila raia haki ya kupeleka ombi Bungeni, hata mvuvi wa Matondoni, hata kama mheshimiwa hapokei simu.

Asiandike "nani alinichongea". Hilo hatajibiwa, na atawapa sababu ya kuitupa barua nzima. Aulize uamuzi ulifanywa na nani, tarehe gani, kwa sheria ipi. Agongewe muhuri kwenye nakala yake, aihifadhi mbali na maji ya chumvi.

SWALI: Ami, wakianikwa hawa majasusi, Al-Shabaab si watasoma vilevile? (Mama wa Mkomani)

JIBU: Watasoma, mama, ndiyo maana sikusema waanikwe. Juni 2014 watu wapatao 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu. Aliyefiwa siku zile hakuuliza majina ya wapelelezi. Aliuliza kama onyo lilikuwapo, na kama lilikuwapo, lilikalia meza ya nani. Kamati inaweza kulijibu hilo bila adui kufaidika hata chembe.

Yule kijana wa Matondoni akishaandika rasimu aniletee barazani baada ya alasiri. Miwani yangu ninayo.