Riwaya ya upelelezi: kabla ya mchapishaji, mpe mswada anayejua msimu wa kahawa

Nilimaliza riwaya yangu ya upelelezi saa saba usiku, nyumbani kwangu Pasua, hapa Moshi. Kurasa 214, miaka mitatu ya kuandika baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Wiki haikuisha nikawa nimeshautuma mswada kwa wachapishaji wawili Dar es Salaam. Niliharakisha, na wote wawili waliukataa. Naandika haya ili wewe usiharakishe.

Fumbo langu lilikuwa hivi. Mtunza ghala wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa anauawa usiku, Kibosho, mlimani juu ya Moshi. Mshukiwa anaapa kwamba hakutoka kwake. Lakini usiku ule mvua ilinyesha, na asubuhi kahawa yake imekutwa kichanjani imelowa chepechepe. Mkulima aliye nyumbani haachi kahawa yake inyeshewe. Angetoka hata na shuka kuifunika. Kwa hiyo hakuwepo. Nililipenda sana fumbo hilo.

Baada ya kukataliwa ndipo nilipopanda Kibosho kumsomea baba mkubwa, ambaye bado anatunza mikahawa ya kihamba, yaani shamba la ukoo, cha babu. Alisikiliza kimya mpaka kwenye kichanja.

"Mwanangu, hii ni mwezi gani?"

"Aprili, baba. Nilitaka mvua za masika."

"Aprili kahawa gani iko kichanjani? Iko mtini, ya kijani. Sisi tunaanza kuchuma Julai."

Sura nzima ikaanguka pale pale. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiinua: akasema niihamishie Novemba, vuli inapokuta kahawa ya mwisho bado inaanikwa, watu wakilala sikio moja liko macho, wakisikiliza mvua kwenye bati. Akanieleza kahawa ikilowa inavyopata ukungu na bei inavyoshuka, jambo lililompa mshukiwa wangu hasara ambayo kila jirani angeiona. Ilinibidi nifute misa ya Pasaka, lakini nikapata kitu bora zaidi: Novemba ni mtihani wa kidato cha nne, na mtoto wa mshukiwa alikuwa macho usiku ule akisoma.

Waandishi wengi hawaonyeshi mswada kwa hofu ya kuibiwa. Naielewa hofu hiyo, lakini Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inakulinda tangu unapoandika, na ulinzi huo unaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Mwonyeshe mtu. Kwa riwaya ya aina hii, kwanza ondoa sura mbili za mwisho. Niliwapa walimu wenzangu wawili mswada uliokatwa hivyo, nikawaomba waandike jina la muuaji na ukurasa walipoanza kumshuku. Wote waliandika jina moja, kabla ya ukurasa wa 70. Nilikuwa nimeyataja mabuti ya muuaji mara tatu. Nikabakiza mara moja, tena katikati ya orodha ya vitu vya ghalani.

Kuhusu barua ya kuupeleka mswada, iwe fupi, na muhtasari umtaje muuaji. Mara ya kwanza nilimficha, nikidhani namtia mhariri hamu. Mhariri anataka kuona kama fumbo linafunguka sawasawa. Hamu mwachie msomaji.

Sasa pesa. Tofautisha mchapishaji na mwenye mashine ya kuchapa. Mchapishaji anagharamia kitabu, nawe unapata mrabaha, yaani sehemu yako ya mauzo. Kampuni moja ilinijibu ndani ya siku mbili kwa sifa tele, ikaomba shilingi milioni mbili "za uchapishaji". Nilitanguliza laki sita nikapata picha ya jalada, basi. Kama ni wewe unayelipa, basi mchapishaji ni wewe: chukua bei kwa wachapaji kadhaa, omba mwenyewe ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na vitabu vyote viwe mali yako. Hiyo ni njia ya heshima kabisa, mradi uichague ukijua. Pia fuatilia matangazo ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo ina nafasi ya riwaya.

Andika kwenye daftari tarehe uliyotuma, na usiulize kabla ya miezi mitatu. Mswada wangu uliorekebishwa umetimiza miwili kwa mchapishaji. Nimeshaanza riwaya ya pili, mtu anapotea kwenye treni kati ya Moshi na Arusha. Jumamosi nakwenda stesheni kuuliza treni inasimama wapi na kwa dakika ngapi, kabla sijaandika sura ya kwanza.