Babu alikuwa manamba Tanga, kwao Songea: nilivyoupata ukoo wetu

Mkuu mleta mada, umesema babu yako alikuja kukata mkonge Tanga akitokea Songea, akafia Muheza, na hapo nyumbani hakuna anayejua kijiji alichotoka. Hiyo hali naijua vizuri maana babu yangu mzaa baba naye alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba wa kwenye mashamba ya mkonge, na kwao nimepapata.

Wengi watakwambia panda basi nenda Songea kaulize. Mkoa mzima ule utamuuliza nani? Anzia hapohapo Tanga. Kama mzee alikuwa Mkatoliki na alifunga ndoa kanisani, nenda parokia aliyofungia uombe kitabu cha ndoa, pale huwa wanaandika bwana harusi alibatizwa wapi. Na kanisa lina utaratibu mmoja watu wengi hawaujui, ndoa ikishafungwa taarifa inatumwa kule alikobatizwa ili waandike pembeni ya jina lake, kwahiyo hata kama mzee hakukanyaga kwao mpaka anakufa, kitabu cha kwao kinaweza kuwa kinajua alioa wapi na alioa nani.

Mimi ndo nilivyofika Peramiho, misheni ya zamani ya Wakatoliki kule Songea. Paroko kafungua likitabu likubwa, kurasa zimeshakuwa za njano, mwandiko umelala, Kilatini kitupu, anafuatisha kwa kidole mpaka jina la babu, halafu baba yake, halafu mama yake. Wakuu, ukoo mzima hakuna aliyekuwa analijua jina la yule bibi! Nikampigia shangazi hapohapo nikamsomea, akawa analirudia tu kwenye simu na kulia. Mtoto wa kike aliyezaliwa kwetu baada ya hapo kapewa jina hilo.

Ila ujue watawa Wabenediktini walifika Peramiho 1898 na misheni ikachomwa moto 1905 kwenye vita vya Maji Maji, kwahiyo huko nyuma usitegemee sana karatasi.

Kabla hujaenda popote kaa na wazee waliobaki, na usiwaulize mwaka, uliza tukio. Babu alishaoa vita vya Hitla vinaanza? Alikuja na malori ya SILABU au alikuja mwenyewe kwa miguu? Hilo swali lina faida kubwa, maana SILABU ile ya kukusanya vibarua wa mkonge ilianza 1944, kwahiyo akisema malori ya SILABU basi ni kuanzia hapo. Kwetu tulikuwa tunaambiwa tu babu alizaliwa "njaa ya Maji Maji ikiisha", na kule Ungoni viongozi wa Wangoni walinyongwa pale Songea Februari 1906 na njaa ikafuata, tarehe ya kitabuni ikaja kuangukia humohumo. Wazee hawajui tarehe lakini hawadanganyi, mi nawaheshimu sana kwa hilo.

Uliza pia nani walikuja kwenye msiba wake kama watani. Kambini kulikuwa na Wangoni, Wabena, Waha, Wamakonde wa Msumbiji, Warundi, na jina la kwenye kipande, ile kadi ya kazi, aliandika karani alivyosikia, ila mtani anajua mtu ni wa ukoo gani kwelikweli. Kwetu jina la ukoo tulilipata kwa mzee mmoja wa Kihehe aliyekaa naye kambi moja.

Kama babu yako alikuwa Muislamu njia ya vitabu vya parokia haipo, hapo komaa na wazee wa msikitini na waliomzika.

Ukishapata kijiji usishangae ukifika hakuna mtu, Operesheni Vijiji ya miaka ya 70 ilihamisha watu wengi, uliza mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa, yako wapi, makaburi yatakuwa huko, tafuta miembe mikubwa ya zamani.

Parokia usiende mikono mitupu, beba barua ya utambulisho ya paroko wako, jina la ubatizo la babu na jina la mke wake. Muheza alikuwa anasali kigango gani? Taja hapa, humu kuna watu wa huko wanaweza kukuelekeza leo hiihii.