Wasomaji Wanauliza: Cheti anacho, kuhesabu pumzi hajui

Tangu Januari 2024 Tanzania ina mpango wa kuwapata na kuwafunza wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Barua za safari hii zinahusu kazi hiyo, na moja imetoka Kenya.

Kitongoji chetu kimependekeza majina mawili, na yote ni ya ndugu wa mwenyekiti. Nipo zahanati, mimi ndiye nitakayefanya nao kazi. Naweza kukataa? (Muuguzi, Morogoro)

Pinga kabla muhtasari wa mkutano haujasainiwa. Ukishafika wilayani umechelewa. Undugu peke yake si sababu ya kumkataa mtu. Uliza tangazo lilibandikwa lini na wapi, na ni wangapi walioomba. Nafasi mbili zikiombwa na watu wawili tu, hapo hapakuwa na uchaguzi. Omba tangazo lirudiwe kwa wiki mbili, lisomwe msikitini, kanisani na kwenye foleni ya maji, kisha kura ipigwe kwa siri. Mpango unataka wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamke na mwanamume.

Mkutano ukishapendekeza, zahanati nayo ipime. Mpe kila mwombaji kadi ya kliniki asome uzito wa mtoto wa miezi mitatu iliyopita, halafu ajaze mstari mmoja wa daftari. Dakika kumi zinatosha, na wapo wa kidato cha nne wanaoshindwa. Halafu waulize kinamama wa hapo, pembeni: mtoto akishikwa na degedege usiku, mlango wa huyu utaugonga? Jibu likichelewa, umeshalipata.

Usikubali hoja ya "huyu hajaolewa, ataondoka". Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unashauri hali ya ndoa isiwe kigezo. Uliza ameishi hapo miaka mingapi.

Wanafunzi wangu wote wamefaulu mtihani wa maandishi. Kwenye kliniki ya watoto, mmoja anahesabu pumzi 38 na mwingine 56, kwa mtoto yuleyule. Nimekosea wapi? (Mkufunzi, Tabora)

Simama nyuma yao uone wanavyohesabu. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Yupo anayehesabu kupanda moja, kushuka mbili. Huyo, kwa mtoto wa pumzi 40, atakuletea 80. Mwingine anahesabu nusu dakika na kuzidisha kwa mbili, kwa hiyo kosa la pumzi 3 linakuwa 6. Pumzi za mtoto mdogo hazina mwendo mmoja, ndiyo maana huhesabiwa sekunde 60 kamili. Kosa lililo gumu kulibaini ni la anayehesabu huku akichungulia saa: kila jicho linapohama, pumzi mbili tatu zinapita. Mpe kipima muda kinacholia, au simu yenye kengele, macho yabaki kifuani.

Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Mama ndiye apandishe nguo ya mtoto, mhudumu asimguse. Akianza kulia katikati, hesabu inaanza upya. Haiendelezwi pale ilipoishia.

Kosa jingine halimo kwenye pumzi, limo kwenye umri. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi za haraka, ambazo ni dalili ya nimonia, ni 50 au zaidi kwa dakika. Kwa wa miezi 12 hadi 59 ni 40 au zaidi. Mtoto wa miezi 13 mwenye pumzi 44 akiandikwa kuwa wa miezi 11, anarudishwa nyumbani na nimonia yake. Mama akisema "anakaribia mwaka", omba kadi. Aliye chini ya miezi 2 na anaumwa, apewe rufaa moja kwa moja.

Kufundisha kwenyewe kuanze na video za watoto ambao hesabu yao unaijua. Kila mmoja aandike jibu kabla ya mtu yeyote kulitaja, la sivyo darasa zima litamfuata aliyewahi kusema. Kisha nendeni kliniki: mkufunzi mmoja kwa wanafunzi wanne au watano, wote mkimhesabu mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Kipimo chetu ni tofauti isiyozidi pumzi 3 na hesabu ya mkufunzi, kwa watoto 8 kati ya 10. Asiyefikia arudi kwa watoto, asirudi kwenye makaratasi. Katika mafunzo ya miezi sita, mitatu ya vitendo ndiyo yenye kazi hii, na ndiyo hiyohiyo ambayo vituo huwageuza wanafunzi wapanga mafaili. Mpe kila mmoja karatasi ya kusainiwa kwa kila mtoto aliyempima.

Nikienda kumkagua mhudumu, niangalie nini kwa haraka? (Mganga mfawidhi, Kigoma)

Utepe wa mkono, wa kupimia utapiamlo: ni mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia umelegea. Ngozi ikibonyea, utepe umekazwa mno na mtoto mwenye afya ataangukia rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5.

Kipimo cha haraka cha malaria: je, spiriti ilikauka kabla ya kuchoma kidole? Je, bafa, yaani maji ya kudondoshea kwenye kipimo, ni ya boksi lilelile la kipimo? Je, amesubiri dakika zilizoandikwa kwenye maelezo? Mstari hafifu wa malaria nao ni mstari.

ORS, unga wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha: zipo pakiti za lita moja na za nusu lita. Mwambie akuchanganyie moja mbele yako, na uone anapimia nini.

Wahudumu wetu wanaacha kazi kabla ya mwaka kwisha. Posho ya shilingi 5,000 ndiyo tatizo? (Afisa wa kata, Kilifi, Kenya)

Fedha hizo ni ndogo, na nusu hutoka serikali ya kitaifa, nusu kaunti, kwa hiyo upande mmoja ukichelewa mhudumu anapata nusu. Ila hesabu pia nyumba zake. Kila mmoja hupewa takriban nyumba 100. Mjini anazimaliza kwa miguu. Penye nyumba zilizotawanyika, nauli inakula posho. Gawa upya kwa umbali.

Angalia na mkoba wake. Anayekaa miezi miwili bila ORS wala zinki anabaki kuandika majina, na watu wanaacha kumfungulia mlango. Hapo hata posho ikiongezwa, ataondoka.

Usimamizi usiwe wa kupekua daftari chini ya mwembe. Ingieni naye nyumba tatu, moja aichague yeye, mbili uzichague wewe kwenye orodha yake. Na anayeondoka arudishe vifaa siku hiyohiyo. Mashine ya presha iliyobaki kwa mtu ni ngumu kuipata tena.