Jibu: Pan-Mass Challenge kwa kumbukumbu ya mama

Pole sana kwa msiba, dada. Umeuliza kama asiye mwanamichezo anaweza kushiriki Pan-Mass Challenge, safari ya baiskeli ya kuchangia vita dhidi ya saratani huko Massachusetts, Marekani, na kama michango inafika inakokusudiwa. Utaweza. Billy Starr aliianzisha mwaka 1980, baada ya mama yake kufariki kwa saratani ya ngozi. Walianza waendeshaji 36 tu. Michango huenda Dana-Farber, taasisi ya saratani iliyoko Boston. Njia ya kutoka mji wa Sturbridge hadi mji wa Provincetown ni kama kilomita 300 kwa siku mbili, kwa hiyo zoea kuendesha Jumamosi na Jumapili mfululizo: siku ya pili ndiyo inayouma, makalio hasa. Nunua kaptula yenye sponji mapema, na ule kabla njaa haijakushika. Siku mbili zikikutisha, zipo njia za siku moja. Mama anaenziwa vilevile.