Kwadi ya kwanza ya kijana: nunua inayomtosha leo

Kila sikukuu ya Thanksgiving ikikaribia, simu yangu inajaa picha. Watu ninaosali nao, mashemeji wa marafiki, hata dada mmoja wa Houston ambaye hatujawahi kuonana, wote wananitumia picha ya kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, waliyoiona mtandaoni, na chini yake swali ni lile lile: "Kaka, hii inamfaa mtoto?" Mimi ni fundi, nashinda kwenye karakana ya pikipiki na kwadi hapa kaskazini mwa Texas, kwa hiyo siwalaumu. Ila kwenye picha mtoto hayumo. Nikiuliza ana urefu gani, mkono wake unafika wapi, najibiwa: "Ana miaka 11 lakini anakua haraka, ndiyo maana tunataka kubwa kidogo."

Hilo "kubwa kidogo" ndilo linalonifanya niandike. Tumelelewa na sare za shule zinazonunuliwa kubwa ili mtoto azikulie. Sare ikipwaya, mtoto anachekwa basi. Kwadi ikimzidi, inamlalia. Hata hizi ndogo za cc 90 zinakaribia kilo 120, na kijana wako pengine ana 35.

Tuanze na aina, maana wengi wanachanganya. Kuna kwadi za shamba: ndefu, nzito, zina rafu za kubebea mizigo mbele na nyuma, na nyingi zinavuta magurudumu yote manne. Halafu kuna za michezo, ambazo ndizo vijana wanazililia: chini, pana, nyepesi, injini inasukuma magurudumu ya nyuma tu. Kwenye hizi za michezo, magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja isiyo na difu, yanazunguka pamoja kwa kasi ile ile. Kwa hiyo haikati kona kama gari. Ukigeuza usukani bila kuusogeza mwili, inataka kwenda mbele moja kwa moja. Mwendeshaji lazima ahamishie uzito upande wa ndani wa kona, ainue makalio, ajivute. Uendeshaji wa kwadi ya michezo ni kazi ya mwili mzima, na mwili mdogo juu ya mashine kubwa hauna cha kuhamisha.

Kila kwadi mpya inayouzwa Marekani kihalali ina lebo ya umri. Daraja za watoto zinaanzia miaka 6, kisha 10, kisha 12, halafu kuna daraja la mpito la miaka 14, na zilizobaki ni za 16 na kuendelea. Ya miaka 6 hairuhusiwi kuzidi maili 15 kwa saa, ya 10 na ya 12 mwisho ni maili 30, na ya 14 ni 38. Zamani kipimo kilikuwa cc za injini. Baada ya makubaliano ya mwaka 1988 kati ya viwanda na tume ya serikali ya usalama wa bidhaa, CPSC, yale yaliyozika pikipiki za magurudumu matatu, cc 70 hadi 90 zilikuwa za miaka 12 na kuendelea, na zaidi ya hapo 16. Kiwango cha mwaka 2007 ndicho kilichohamia kwenye kasi, na sheria ya mwaka 2008 ikakifanya kuwa cha lazima. Ndiyo maana ukipita kwenye mitumba utakuta Honda ya cc 90 ya zamani ina lebo ya 12 na ya juzi ina lebo ya 10. Muuzaji hajabandua kitu.

Sheria hiyo hiyo ya 2008 ilileta kioja. Ilipiga marufuku madini ya risasi kwenye bidhaa za watoto, na risasi kidogo ipo kwenye betri na kwenye vali za tairi, kwa hiyo Februari 2009 maduka yakalazimika kuziondoa kwadi za watoto, kana kwamba kuna mtoto atakayelamba betri. Hofu ya wengi, hata serikalini, ilikuwa kwamba wazazi watawapandisha watoto kwenye mashine za wakubwa. Bunge lilikuja kuzisamehe rasmi mwaka 2011.

Na niseme hili mapema ili usije ukaniambia nilikuficha: chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kinashauri mtoto chini ya miaka 16 asiendeshe kabisa. Ukiamua kuwafuata, sina ugomvi nawe. Ninaowaandikia hapa ni wale ambao wameshaamua kununua.

Lebo inakupa pa kuanzia tu. Watoto wawili wa miaka 12 wanaweza kupishana urefu kwa kichwa kizima, kwa hiyo mtoto aende dukani mwenyewe, akiwa amevaa buti, na umpandishe juu ya mashine ikiwa imezimwa. Asimame juu ya vikanyagio. Kati ya kiti na makalio yake pawe na nafasi ya inchi 3 hadi 6. Kama kiti kinamgusa, hawezi kusimama kupokea mashimo, na kila bonde litamrusha. Akikaa, mapaja yalale karibu sambamba na ardhi. Mikono ikishika usukani, viwiko vibaki na mkunjo. Sasa fanya kitu ambacho muuzaji hatakukumbusha: mwambie azungushe usukani kushoto mpaka ugome. Mkono wa kulia unavutwa mbele, na mafuta ya kwadi yanapigwa kwa kidole gumba cha mkono huo huo. Kama ananyooka mpaka bega linatoka, kidole kitakandamiza mafuta bila yeye kutaka, katikati ya kona. Hiyo si mashine yake, hata kama rangi ndiyo aliyoiota. Malizia na breki: vidole vikiwa vimenyooshwa, pingili ya kwanza ya kidole cha kati ivuke wenzo wa breki. Kama ina breki ya mguu, aikanyage bila kuinua kisigino kutoka kwenye kikanyagio.

Nimeona baba akigeuka kijivu usoni hapo hapo dukani mwanawe aliposhindwa jaribio la usukani. Alikuwa ameshalipia trela.

Kwa vijana wa miaka 10 hadi 13, zenye sura na tabia ya michezo hazifiki hata vidole vya mikono miwili. Yamaha wana Raptor 110, mdogo wa familia ile ya Raptor 700 ambayo kila kijana anaijua kwa video. Polaris wana Outlaw 110. Zote mbili ni za miaka 10 na kuendelea. Kawasaki KFX90 na Suzuki QuadSport Z90 lebo zao ni 12. Hizi nne ni otomatiki: zinatumia mkanda, mtoto anapiga mafuta na kushika breki, basi. Honda TRX90X ina tabia yake. Injini ni cc 86, na ina gia nne za kukanyaga kwa mguu wa kushoto, ila kilachi inajifanya yenyewe, hana wenzo wa kubana.

Ukiniuliza mimi, kijana anayesema anataka mashindano, anayekaa akisoma jinsi injini inavyofanya kazi, nampa Honda. Anajifunza kusikia injini, anajua kushuka gia kabla ya kona badala ya kutegemea breki tu, na siku akihamia kwenye kubwa yenye kilachi kamili anakuwa ameshavuka nusu ya somo. Fahamu tu kwamba haina rivasi. Akikwama mbele ya mti kwenye mteremko, atashuka kuisukuma, au atakuita. Mtoto mwoga, au yule ambaye macho yake bado hayajatulia mbele, mpe otomatiki bila aibu. Akili yake yote iende kwenye njia.

Karibu kila kwadi ya mtoto ina skrubu ndogo kwenye kiboksi cha mafuta, pale kidole gumba kinapokaa, na nati ya kuifungia. Ukiizungusha kuingia ndani, wenzo wa mafuta haufiki mwisho. Wazazi wengi wanakaa na mashine mwaka mzima bila kujua ipo. Anza nayo ikiwa imebanwa sana, kisha mlegezee kidogo kidogo kadiri anavyokuonyesha kwamba anasimama pale unapomwambia asimame. Hapo ndipo "kukulia" mashine kunapopatikana kwa njia salama.

Kwa kijana wa 14 hali ni ngumu, soko halimjali sana. Polaris walitoa Phoenix 200 kwa ajili ya umri huo, ni otomatiki, na kwenye mitumba zinapatikana. Honda TRX250X mara nyingi inatajwa kama ya kwanza kwa mwanzilishi, na kweli ni mashine mpole isiyo na cheni ya kukaza, lakini lebo yake ni 16. Wazazi hunibembeleza niseme 14 ni sawa. Sisemi.

Sasa zile za bei ya kutupa, zinazokuja ndani ya kreti ukazifunge mwenyewe magurudumu na usukani. Najua dola 900 dhidi ya zaidi ya 3,000 si mzaha, hasa ukiwa unatuma hela nyumbani kila mwezi. CPSC imekuwa ikitoa maonyo mara kwa mara kuhusu kwadi za watoto zinazouzwa mtandaoni bila kutimiza kiwango. Kwangu karakanani zinakuja na nati zisizokazwa, waya wa mafuta unaong'ang'ania, breki ambayo ukiibana wenzo unagusa usukani na mashine bado inatembea. Na spea ndiyo balaa lenyewe: jina lililobandikwa kwenye tangi halipo popote mwaka unaofuata. Kwa dola 1,500 afadhali kwadi iliyotumika ya kiwanda kinachojulikana.

Ukienda kuiona iliyotumika, fika kabla hawajaiwasha. Gusa injini, ikiwa ya moto, wameshaificha shida ya kuwaka asubuhi. Kisha omba kufungua boksi la chujio la hewa, chini ya kiti, ni klipu chache tu. Hapa ndipo mwenye mashine anapojieleza bila kusema. Chujio la sponji linatakiwa liwe na unyevu wa mafuta yake maalumu, na upande wa ndani, unaoelekea injini, uwe safi. Pitisha kidole kwenye ule mdomo wa mpira. Ukitoka na vumbi laini kama unga, injini imekuwa ikimeza mchanga. Ikiwashwa, moshi wa bluu utathibitisha, na usishawishike na maneno ya "ni oili tu ilimwagika". Shika gurudumu la mbele juu na chini ulitikise. Likicheza, boljointi au beringi zimekwisha. La nyuma lifanyie vivyo hivyo, maana beringi za ekseli ya nyuma ndizo zinazokula pesa. Boljointi hazinitishi, ni kazi ya jioni moja. Mchanga kwenye injini, ondoka.

Bajeti isiishie kwenye mashine. Kofia ngumu yenye alama ya DOT (wizara ya usafirishaji ya Marekani), ya saizi yake, si ya kaka yake, miwani ya vumbi, glavu, buti zinazovuka kifundo cha mguu. Ongeza kipimo cha upepo cha shinikizo dogo: tairi za kwadi hizi zinajazwa psi 3 au 4 hivi, kipimo cha gari hakisomi chochote huko chini, na kituo cha mafuta watazijaza mpaka zidunde kama mpira. Na tairi hizo ni za udongo na mchanga. Lami zinaishika vibaya, kwa hiyo asizunguke nayo mtaani hata kama majirani wote wanafanya hivyo. Mdogo wake asipakiwe nyuma. Kiti ni kirefu kwa ajili ya mwendeshaji kujisogeza, si kwa abiria.

Pa kwenda papo. Barnwell Mountain karibu na Gilmer ina njia za udongo mwekundu na mawe, nzuri kwa anayejifunza taratibu. Mchanga wa Little Sahara kule Waynoka, Oklahoma, ni mtamu, lakini mpeleke akishakomaa, na kwadi iwe na bendera ndefu, kwa sababu nyuma ya kila tuta kuna mtu anapanda asiyekuona. Kwenye maeneo ya umma ya Texas, aliye chini ya miaka 14 lazima awe chini ya macho ya mzazi au mlezi, au mtu mzima waliyemruhusu, na kofia na kinga ya macho ni sheria.

Kabla ya hapo mwandikishe mafunzo ya ATV Safety Institute (ATV ni jina la Kiingereza la kwadi). Wanafundisha kona, kusimama ghafla, kupanda na kushuka vilima, na mzazi anabaki pale. Kwa walio chini ya miaka 16 wanaangalia lebo ya mashine kabla hawajamruhusu mtoto kuanza, kwa hiyo aliyemnunulia wa miaka 11 kwadi ya 16 atarudi nayo kwenye trela, mtoto akiwa amevaa buti zake mpya.