Unga wa silika kwenye zege la pwani: chunga maji

Mgeni kwenye saiti za Tanga, hasa zilizo karibu na maji, aanze kwa kujua adui ni nani. Chumvi hupenya zege hadi kwenye nondo, nondo inashika kutu na kuvimba, zege linapasuka na kubanduka. Unga wa silika (silica fume), unga laini sana unaochanganywa na saruji, unaziba njia hiyo. Chembe zake ni ndogo kuliko za saruji karibu mara 100, kwa hiyo zinajaza vinafasi. Kisha zinaungana na chokaa inayozaliwa saruji ikikutana na maji, na kuongeza gundi inayolipa zege nguvu.

Kiasi cha kawaida ni 5% hadi 10% ya saruji. Kwa 8%, mfuko wa kilo 50 unatiwa kilo 4. Tumia mizani, ndoo itakudanganya, unga huu ni mwepesi. Kwa uwiano wa 0.40, yaani uzito wa maji ukigawanywa kwa uzito wa saruji na silika, kilo hizo 54 zinataka maji lita 21.6 kwa jumla, yakiwemo yaliyo tayari kwenye mchanga. Kilo 100 za mchanga wenye unyevu wa 5% zimebeba karibu lita 5. Yatoe kwenye hesabu.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Silika inafanya zege linate kwenye koleo, na vibarua wataanza kudai maji. Ukiwakubalia lita 5 tu, uwiano unapanda hadi karibu 0.49 na pesa ya silika imekwenda bure. Tia dawa ya kulainisha zege, kwa kipimo cha mtengenezaji.

Kwenye mashine tanguliza kokoto na robo tatu ya maji, ndipo silika, uiache izunguke dakika moja na nusu; kisha saruji, mchanga, na maji yaliyobaki yakiwa na dawa. Pasua donge: ukikuta unga mkavu ndani, endelea kuzungusha. Na barakoa ivaliwe kabla mfuko haujafunguliwa.

Zege hili halipandishi maji juu kama la kawaida. Jua na upepo wa kusi vikikutana, uso unachanika kabla zege halijashika. Mwaga alfajiri au jioni, nyunyiza maji kama ukungu, funika kwa turubai mara tu ukimaliza kusawazisha, halafu weka unyevu siku 7 angalau. Kusubiri kesho asubuhi ni kuchelewa.

Mchanga wa ufukweni usiguse kabisa, hata kama uko hatua kumi na bei yake ni bure.