Miezi 11 kazini chini ya ardhi bila kuona jua: yaliyonikuta na yaliyonisaidia

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umepata kazi kwenye ghala lililo chini ya jengo, mkataba wa miezi 6, unaingia hakujapambazuka na unatoka giza limeshaingia, unauliza kama mwili utahimili. Utahimili. Ila yapo mambo niliyoyajua nikiwa nimeshachelewa, na sitaki yakukute.

Nilikaa miezi 11 katika chumba cha kuangalia kamera, ngazi mbili chini ya ardhi. Zamu ya saa 13, siku 6 kwa wiki. Siku ya 7 nililala mpaka jioni kwa uchovu, basi hata siku hiyo moja jua lilinipita. Nililiona kwenye skrini tu. Kivuli cha nguzo ya getini kilikuwa kirefu asubuhi, adhuhuri kikanywea, alasiri kikageukia upande wa pili, nami nikawa najua saa kwa kukitazama. Siku moja alisimama mtoto pale pale kwenye nguzo, kafumba macho, kainua uso, anaota jua. Machozi yalinitoka, na sikuelewa ni kwa nini.

Watu wakizungumzia kukosa jua hutaja mifupa. Mimi kilichotangulia kuharibika ni usingizi. Kufika wiki ya tatu nilikuwa nakesha mpaka saa 8 usiku, na kengele ya saa 10 alfajiri ikilia naamka kama mtu aliyefukuliwa. Kisha ikaja ile siku ya mapumziko ambayo sitaisahau. Nilishtuka usingizini nikaona saa 12, mwanga dirishani hafifu, nikavaa haraka haraka sare ya kazi na kutoka. Nilipoona majirani wanarudi makwao ndipo nikatambua kwamba ni saa 12 jioni. Nilikaa kizingitini muda mrefu. Niliogopa kweli.

Baadaye daktari alinieleza. Mwili una saa yake, na kwa watu wengi saa hiyo huzidi saa 24 kidogo. Kila siku inahitaji kurekebishwa, na kinachoirekebisha hasa ni mwanga unaoingia machoni. Nyuma ya jicho zipo chembe ambazo kazi yake kubwa si kuona maumbo. Zinapima mwangaza na kupeleka habari kwenye sehemu ndogo sana ya ubongo inayosimamia usingizi, joto la mwili na homoni. Habari isipofika, saa inateleza kila siku kidogo. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre alikaa miezi miwili peke yake ndani ya pango la Scarasson, bila saa wala kalenda. Walipokwenda kumtoa tarehe 14 Septemba, yeye kwa hesabu zake alikuwa bado yuko tarehe 20 Agosti. Siku 25 zilimpotea na hakuhisi! Nilipoisoma habari hiyo nilipumua, kwa sababu nilikuwa nimeanza kudhani nina kichaa.

Utaniuliza, mle ndani si kulikuwa na taa? Zilikuwepo, na ziliwaka muda wote. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika, kwa kuwa jicho huzoea na kuona panatosha. Mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho luksi. Ofisi yenye taa nzuri ina luksi 300 hadi 500. Nje mchana, hata kukiwa na mawingu, ni maelfu, na juani kabisa zinaweza kufika 100,000. Kwa hiyo dakika 15 za nje si kitu kidogo kama unavyoweza kufikiri.

Dakika hizo ndizo zilizoniokoa. Mimi na mwenzangu tulipanga kupokezana: namlindia skrini zake anatoka, akirudi nami natoka. Msimamizi alikataa tulipomwomba kwa mdomo. Tukarudi na ratiba ya maandishi, dakika kwa dakika, akajionea kwamba skrini hazibaki bila mtu hata mara moja, akakubali. Dakika 15 saa 2 asubuhi, na nyingine 10 adhuhuri. Ukilazimika kuchagua moja, chagua ya asubuhi, kwa sababu mwanga wa asubuhi unairudisha saa ya mwili kwenye mstari wake, wakati mwanga mkali wa usiku unazidi kuichelewesha. Kwa hiyo nyumbani nilibakiza taa moja hafifu, na simu ikalala sebuleni. Baada ya wiki mbili hivi nikaanza kusinzia saa 4 usiku bila kujilazimisha.

Vitamini D ni habari nyingine, usiichanganye na hii. Ngozi huitengeneza kwa miale ya urujuanimno, na kioo cha dirisha huzuia karibu miale yote inayohusika. Kukaa nyuma ya kioo kutaisaidia saa ya mwili, lakini vitamini D hupati. Mwenye ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko mwenye ngozi nyeupe. Mimi mapaja yaliuma na kupanda ngazi kukawa kazi. Nilipopimwa damu, vitamini D ikaonekana imeshuka sana, nikapewa vidonge, na maumivu yakapungua taratibu. Usingizi havikuurudisha. Tafadhali usijinunulie ukameza kwa kukisia. Vitamini hii hujilimbikiza mwilini, ikizidi inapandisha kalsiamu kwenye damu na figo zinaumia. Pima kwanza, ikiwezekana kabla hujaanza kazi.

Zipo pia taa maalumu za luksi 10,000, unakaa karibu nayo kama nusu saa ukishaamka, macho wazi lakini huikodolei. Sikuwahi kuwa nayo. Zinatumika hasa kwa watu wanaopata sonona majira ya baridi katika nchi ambazo jua huadimika. Mwenye ugonjwa wa macho, au ambaye hisia zake hupanda na kushuka kupita kiasi, amwone daktari kwanza.

Sasa lile ambalo ni gumu kwangu kulisema. Mwezi wa tano nilikuwa sicheki. Mke wangu akiniuliza jambo namjibu neno moja, na nilijiambia ni uchovu. Yeye ndiye aliyenishika mkono tukaenda kwa daktari; mwenyewe nisingekwenda. Mweleze mtu unayeishi naye tangu leo: akikuona umeacha mambo uliyoyapenda, au unasema maisha hayana maana, asikusubiri ukubali kwamba unaumwa.

Na siku ya mapumziko usilale mpaka jioni kama nilivyofanya. Amka, toka nje, kama ni usingizi usinzie huko huko kivulini.

Kabla hujasaini mkataba, waulize mapumziko yanaangukia saa ngapi na kama mnaruhusiwa kutoka nje ya jengo. Wakisema hapana, andika hapa mko wangapi kwenye zamu, nikusaidie kupanga ratiba ya kupokezana kama ile yetu.